Maharage ya Mama Yalipojisokota

Maharage ya mama yangu yalipojisokota, watu wa Masukulu hawakuuliza yamepatwa na nini. Waliuliza mama amefanya nini. Hilo ndilo lililonipandisha hasira tangu mwanzo, na sikuificha, maana mimi nikikasirika uso wangu hauna siri. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari upande wa Kawetele, na kwa miaka mingi nimesimama ubaoni nikieleza namna mmea unavyokua. Sikuwahi kufikiria kwamba somo lile lile, ambalo wanafunzi hulisinzilia baada ya chakula cha mchana, ndilo litakaloamua kama mama atabaki kwenye shamba lake au atafungashiwa virago.

Nikisema kufungashiwa virago sitii chumvi. Baba alishafariki. Mimi ni mtoto wao wa pekee, tena wa kike, tena nimeolewa. Shamba la mama, lile la mteremkoni kati ya migomba na kijito, baba mdogo alikuwa amelikodolea macho siku nyingi. Baba mdogo ni ndugu yake baba wa tumbo moja. Si mtu mbaya. Mama alipougua kichomi ndiye aliyempakia kwenye pikipiki akamkimbiza hospitali ya Igogwe, barabara yote tope, na hilo siwezi kumnyang'anya. Lakini siku hizi kila mtu huku kwetu anapanda maparachichi, na yeye alikuwa na kitalu pembeni ya nyumba yake, miche imenona chini ya neti, haina pa kwenda. Alikuwa anangoja sababu tu.

Sababu ilikuja kupitia mkono wa mama, na hapa inabidi nieleze kidogo. Wanawake wa kule hulimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, mpaka mzunguko uishe. Kikundi cha mama kina utaratibu wake. Kabla ya kupanda shamba la yeyote, mmoja wao huingia peke yake, huchimba vishimo vya kwanza kwenye tuta la juu kabisa, hudondosha mbegu na kufukia kwa mguu, ndipo wenzake wanamfuata. Wanaita kufungua shamba. Anayefungua ni yule mwenye mkono, yaani yule ambaye akidondosha mbegu inaota. Hakuna aliyempigia mama kura, lakini kazi hiyo ni yake tangu mimi sijavunja ungo. Siku moja alikuwa mgonjwa, akafungua mwingine, mbegu zikafukuliwa na kuku. Walilisimulia jambo hilo mwaka mzima kana kwamba kuku walikuwa wametumwa.

Mimi na digrii yangu siamini mambo ya mkono. Mama mwenyewe, ukimbana sana, anacheka na kusema kwamba wakiamini mkono wake wanafukia mbegu vizuri, wasipoamini wanafukia ovyo. Lakini asubuhi ya kufungua shamba huwa anavaa kitenge kisafi na hazungumzi na mtu njiani. Anapenda kazi ile, na sioni kwa nini asiipende. Alikuja pale akiwa bibi harusi asiyejulikana na mtu, na mkono ule ndio uliompa jina kijijini.

Simu yake ilinikuta nikisahihisha mitihani. Mama hana r wala z mdomoni, Kinyakyusa hakikumfundisha, kwa hiyo alisema, "Mwanangu, mahalage yamelewa." Kuanzia hapa nitamwandika kwa tahajia ya shule, msomaji amsikie mwenyewe. Nikamuuliza yamelewaje. Akasema yamelewa kama walevi, yanaangukiana. Kisha akasema mwenyekiti wa kikundi ameshapita nyumbani, amemshauri apumzike kwanza, asifungue tena shamba la mtu. Na baba mdogo ameshasema kwa watu kwamba shemeji yake amechoka, mkono umekufa, na shamba likiachiwa mkono uliokufa litaharibika lote. Ameitisha kikao cha ukoo.

"Wanataka nije kwako," mama akasema.

Nampenda mama yangu na chumba ninacho. Lakini aliwahi kukaa kwangu akiuguza kile kichomi, na baada ya muda si mrefu alikuwa ameng'oa maua yote mbele ya nyumba yangu akapanda maharage, hana hata nguvu ya kusimama sawasawa. Alipomaliza maua akaanza kuutazama uwanja wa mpira wa shule. Mtu wa namna ile ukimtoa shambani umemzika, na mimi sikuwa tayari kumzika mtu mzima wa afya kwa sababu ya miche ya maparachichi. Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Masukulu, njia nzima nikigombana kichwani na baba mdogo.

Nilipoyaona maharage, kwanza niliogopa. Shamba zima lilikuwa halitazamiki. Mashina yaliyopaswa kusimama yalikuwa yamepinda, mengine yamelala chini kisha yakainua vichwa, mengine yamejisokota kama kamba anayosokota mtu mwenye haraka. Majani yalikuwa yamejikunja kama vikombe. Vikonyo vimekuwa virefu kupita kiasi. Karibu na ardhi mashina yalikuwa yamevimba, baadhi yamepasuka kabisa. Mama alisimama nyuma yangu mikono kifuani.

Nikachuchumaa, nikashika shina moja, nikaligeuza, na woga ukaniisha pale pale. Mmea wenye njaa hupauka, na haya yalikuwa ya kijani kibichi. Mmea wenye kutu au ukungu huwa na madoa, na haya hayakuwa na doa hata moja. Yalikuwa na kitu kimoja tu, kukua. Yalikuwa yanakua kama yaliyofukuzwa, kila upande kwa wakati mmoja, bila mpango. Nimeichora picha ile ubaoni mara nyingi mno, chipukizi linaloinama upande mmoja kwa sababu homoni imejaa upande wa pili. Hapa mtu alikuwa amemwaga homoni pande zote.

"Mama, uliyapulizia nini?"

"Dawa ya vidudu. Ile ya siku zote."

"Kwa bomba lipi?"

Bomba la mgongoni la kikundi hutunzwa kwake, analitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Akaniambia baba mdogo alikuja kuliazima kwa ajili ya mahindi yake, akalirudisha, na yeye ndiye wa kwanza kulitumia baada ya hapo. Wenzake walipoona maharage yake yanavyoanza kupinda, hakuna aliyethubutu kupulizia chochote. Kwa hiyo mashamba yao yalisimama mazima, la mama peke yake likaharibika, na kila aliyepita njiani alijionea kwa macho yake kwamba kasoro ni ya mama.

Niliondoka pale bila hata kunywa chai. Baba mdogo nilimkuta kwenye kitalu chake anamwagilia. Tulisalimiana vizuri, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za shemeji yake wa Kawetele, yaani mume wangu, kwa utani wake wa siku zote. Kisha nikamuuliza alipulizia nini kwenye mahindi.

"Busta," akajibu bila kugeuka. "Ya kukuzia."

Mahindi yake yako pale pale nyuma ya nyumba, nikayaangalia. Yalikuwa mazuri, kusema kweli. Na katikati ya mistari, vishonanguo vyote, yale magugu ya majani mapana, vilikuwa vimekauka vikiwa vimejisokota mashina, ila nyasi nyembamba zilikuwa hai zinapepea. Busta gani inayokausha vishonanguo ikaacha nyasi? Nikamwonyesha kwa kidole.

"Mwalimu," akasema, na sasa aligeuka, "huku si shuleni. Mama yako amezeeka. Kwako kuna umeme, kuna maji ya bomba. Mchukue ukampumzishe. Tunamtakia mema."

Ndugu msomaji, kuna watu wakisema tunakutakia mema unajua kabisa umeshauzwa. Nilimwambia kikaoni nitakuwepo, nikaondoka kabla mdomo haujaniponyoka.

Jioni ile tulikaa jikoni, mama anamenya ndizi, mvua imeshika. Jiko lake ni la zamani, kuta za mianzi iliyofungwa kwa kamba na kusiribwa udongo, na upande mmoja udongo umedondoka, mianzi inaonekana. Nikamwambia mkono wako haujafa, na nitakueleza kwa nini, na utanisikiliza mpaka mwisho.

"Nasikiliza," akasema. "Ndizi hazinizibi masikio."

Nikamwambia mmea mzima, shina, jani, mzizi, umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina ukuta wake. Nikagonga mianzi. Ukuta kama huu, fito na kamba. Ndani ya chumba kuna maji, na maji hayo muda wote yanasukuma kwa nguvu yatoke nje, yanataka chumba kipanuke. Ukuta unakataa. Ukuta ukikataa siku zote mmea haukui, na ukikubali siku zote mmea unapasuka.

"Sasa nani anaamua?"

"Kuna amri. Inatengenezwa kule juu, kwenye ncha changa, halafu inashuka chini chumba kwa chumba. Tunaiita homoni. Amri ikifika, chumba chenyewe kinatema uchachu kidogo kwenye ukuta wake."

"Uchachu kama wa ndimu?"

"Wa jamii hiyo, lakini kidogo mno. Humo ukutani kuna mafundi wamelala. Uchachu ule ndio unaowaamsha. Mmoja analegeza kamba zinazoshikanisha fito. Mwingine anakata ufito mahali, anauunganisha tena mbele kidogo. Na amri ikikaa, inaita mafundi wapya watengenezwe. Basi kamba zikilegea, maji yanasukuma, ukuta unanyooka, chumba kinarefuka. Halafu mmea wenyewe unaiharibu ile amri. Uchachu unapungua, mafundi wanatulia, fito mpya zinaongezwa, ukuta unakaza."

Vitabuni mafundi hao tunawaita vimeng'enya na protini za ukutani, na kila mwaka wanafunzi wangu huyakariri majina, wakayaandika kwenye mtihani na kuyasahau getini. Mama hakuuliza jina hata moja. Aliacha kumenya, akautazama ukuta wake uliobanduka, akauliza kama ndiyo sababu mche ulioota mlangoni huinamia mwanga.

Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Mmea unapeleka amri zaidi upande wa kivuli, vyumba vya upande ule vinarefuka kuliko vya upande wa jua, shina linainama lenyewe. Hata ndizi kuiva, hata jani kudondoka, ni homoni nyingine inayowaamuru mafundi wengine walainishe kuta. Nilikuwa nimechangamka, nakiri, nilisahau kwamba kulikuwa na kikao. Ndivyo nilivyo nikipata mtu wa kumfundisha anayetaka kujua.

"Na shemeji alipulizia nini?"

"Dawa ya magugu. Ile ya kuua majani mapana. Hiyo dawa ni amri ya kughushi, mama. Inafanana na amri ya mmea, kuta zinaitii, lakini mmea hauwezi kuiharibu upesi kama ya kwake. Mahindi na nyasi vinaweza kuidhibiti, ndiyo maana mahindi yake yamesimama. Maharage hayawezi. Mafundi wanalegeza kamba, wanalegeza, hakuna anayewaambia basi. Upande huu unarefuka, upande ule unarefuka, shina halijui lielekee wapi."

"Kwa hiyo yamelazimishwa kukua mpaka yanakufa," akasema.

"Ndiyo."

"Masikini." Aliyaonea huruma maharage kabla ya kujionea yeye. Kisha akaanza maswali, moja baada ya jingine, huku kisu kimeanza kazi tena. Bomba likisuuzwa? Nikamwambia kusuuza kwa maji mara moja hakusaidii, ile dawa inang'ang'ania kwenye mpira na kwenye mdomo wa bomba, na maharage yanahitaji kiasi kidogo sana kuharibika. Nyanya je? Nyanya ndiyo kabisa. Kabichi? Nayo. Migomba? Migomba ina nafuu. Parachichi? Kubwa linaweza kustahimili, changa haliwezi. Nilijibu kama naulizwa na mkaguzi, na sikujiuliza kwa nini anataka kujua yote hayo.

Nilirudi Kawetele na chupa ya maji niliyoyapitisha kwenye lile bomba. Nikapanda maharage ya mbegu ya mama kwenye makopo, udongo mmoja, dirisha moja. Yalipotoa majani, mengine nikayapulizia maji ya kisimani, mengine maji ya lile bomba. Wanafunzi wa kidato cha tano walikuja kuangalia, mmoja akauliza kama swali hilo huwa linatoka kwenye mtihani. Nikamwambia kwangu limeshatoka. Haikuchukua muda. Yaliyopata maji ya kisimani yalisimama yakitazama dirisha. Yaliyopata maji ya lile bomba yaliinama, yakajikunja, yakalewa sawa na yale ya Masukulu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikasema moyoni, baba mdogo, sasa tutaonana.

Kikao kilifanyika kwake, kwa kuwa ndiye aliyechinja. Mabenchi yalipangwa uani, kitalu cha miche kikiwa hatua chache tu pembeni. Baba mkubwa, kaka yao, ndiye aliyeongoza. Ni mzee mpole anayesikia kwa sikio moja, na watu hupigania kukaa upande wa sikio hilo. Wanawake wa kikundi walikuwepo pia na mwenyekiti wao, kwa sababu mambo ya mkono yalikuwa yao. Tulikula, tukaomba, kisha baba mdogo akasimama na kueleza kwa sauti ya msiba kwamba shemeji yake ametumika vya kutosha, kwamba shamba limeonyesha dalili, na kwamba ukoo uone huruma umpumzishe. Yeye angelitunza shamba. Aliweka hata mkono kifuani.

Zamu yangu ilipofika nikaweka makopo mezani. Nikaeleza yote. Nikamwonyesha baba mkubwa, upande wa sikio zima, maharage yaliyosimama na maharage yaliyolewa. Niliona kabisa baadhi ya watu wanaanza kutazamana. Baba mdogo hakushtuka.

"Mwalimu amesema vizuri," akasema. "Kasoma. Lakini makopo yametoka chumbani kwake. Nani kati yetu alikuwepo akiona alichotia? Mtoto akimtetea mama yake atakosa cha kusema?"

Watu wakatikisa vichwa wakikubali. Basi hapo nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa mama yangu akiwa hai na macho yake yanaona. Nilimuuliza kama vishonanguo vyake navyo vina mkono uliokufa. Nilimwita kwa jina badala ya baba, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na baba mkubwa akanyanyua fimbo akaniambia nikae. Nikakaa. Machozi ya hasira yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, wayaone. Nilijua nimeharibu. Baba mkubwa akaanza kusema kwamba kwa kuwa hakuna aliyeona kwa macho, na kwa kuwa mama ni mtu mzima na ana pa kwenda, basi huenda ni heri...

Ndipo tukamwona mama anakuja kutoka nyuma ya nyumba. Muda wote nilidhani yuko jikoni na wanawake wenzake wa ukoo. Alikuwa amebeba bomba mgongoni, limejaa, mikanda inamkata mabega, na anatembea polepole kwa sababu ya uzito. Alifika mbele ya baba mdogo akasimama.

"Shemeji," akasema, "ulipulizia nini kwenye mahindi?"

"Si nimeshasema? Busta."

"Tu?"

"Tu. Mbele za watu wote hawa."

"Busta haidhuru miche?"

"Hiyo inakuza, shemeji. Inadhuruje?"

Mama akalivua bomba, akageuka kwa mwenyekiti wa kikundi, yule yule aliyemwambia apumzike. "Humu nimetia maji ya kijito, nimeyatikisa, basi," akamwambia. "Mkono wangu wanasema umekufa, mimi sitashika. Wako ni mzima. Vaa wewe, ukampulizie shemeji miche yake, ikue."

Mwenyekiti alimtazama mama, akamtazama baba mkubwa. Mzee akasema maji si kitu, apulizie. Mwanamke yule akalivaa bomba, akashika mpini, akatembea kuelekea kwenye neti. Nilisikia maji yakicheza ndani ya bomba. Nilikuwa nimeshaelewa mama anafanya nini, na nilimtazama baba mdogo tu, sikutazama kitu kingine.

Alivumilia mpaka mwenyekiti aliponyanyua neti. Kisha akakimbia. Mtu mzima, na suruali yake ya kanisani, aliruka benchi akaenda kusimama mbele ya miche, mikono ameitanua.

"Msiiguse," akasema.

"Ni maji," akasema mwenyekiti.

"Nimesema msiiguse. Bado michanga."

Baba mkubwa akanyanyuka kwa shida na kumsogelea, sikio zima mbele. "Mdogo wangu, itapatwa na nini?"

Mzee akarudia. Mwenyekiti alikuwa amesimama na mdomo wa bomba umeelekea kwenye miche, kidole kwenye kitufe, na nadhani hakuwa na nia ya kushusha.

"Itakufa," baba mdogo akasema, kwa sauti ndogo.

"Itauawa na nini? Na busta?"

Akashusha mikono. Alisema alilisuuza lile bomba, wallahi alilisuuza. Alisema hakujua, mpaka alipoona maharage yanapinda ndipo alipokwenda kusoma tena maandishi kwenye chupa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini baada ya kusoma hakusema, maana jibu tulikuwa tumeketi mbele yake, miche imepangwa mistari kwa mistari, inangoja shamba la mama. Mwenyekiti alilivua bomba akaliweka chini taratibu, kisha akajifunga upya kitenge chake bila sababu yoyote. Alipita mbele ya mama akapiga goti kidogo kama tunavyosalimia wakubwa, akasema, "Ndaga, mama," yaani asante kwa Kinyakyusa. Mama akaitikia, hakumwongezea neno.

Mimi nilitaka aendelee. Nilitaka amseme baba mdogo mpaka jua lizame, na kama angechoka ningempokea. Nilikuwa nimeshasimama. Mama akanitazama mara moja tu, nikakaa.

Baba mkubwa alirudi kwenye kiti chake. Alihema, akauliza kama bado yuko mwenye neno juu ya habari ya mama kuhamia kwa binti yake. Watu wakaangalia miguu yao. Baba mdogo alikuwa bado amesimama kwenye kitalu, amewapa watu mgongo.

"Mimi ninalo," mama akasema. "Siku nikifa mtanizika pale, kando ya mume wangu. Leo sijafa. Jumatatu tunang'oa maharage yaliyoharibika, tukimaliza tunapanda mengine, na anayefungua shamba ni mimi."